Baiskeli moja yatosha hapa Mombasa

Mpenzi wa baiskeli mwenzangu, kabla hujanunua ya pili, tazama nafasi iliyoko baina ya fremu na tairi. Ikiwa tairi ya upana wa milimita 38 yaingia bila kusugua, hiyo moja itakufikisha kote: lami ya Nyali hadi Mtwapa, vichochoro vya Mji wa Kale, hata njia za vumbi ng'ambo ya Likoni. Kwenye lami jaza upepo, vumbini punguza kidogo.

Adui wetu hasa ni chumvi. Nilikuwa na baiskeli tatu. Mbili zililiwa na kutu zikiwa zimesimama tu barazani, maana hewa ya bahari haingoji mtu apande. Iliyobaki naipangusa kila nikirudi kwa kitambaa na maji ya bomba (ya kisima, mengi yana chumvi), nakausha mnyororo, natia mafuta matone machache, kisha nafuta yaliyozidi. Bomba la kiti nalo lichomoe kila baada ya miezi miwili ulipake grisi. Likigandana na fremu, fundi huenda akalazimika kulikata. Kazi hii kwa baiskeli moja ni dakika kumi. Kwa tatu, mimi nilishindwa.