Jinsi ya kukwepa kemikali zinazoongeza seli za mafuta mwilini

Unene watu wanauwaza kwenye msosi na mazoezi tu, na kweli hivyo ndo vyenye nguvu zaidi, ila kuna kemikali zinazovuruga homoni ambazo zinaweza kuzisukuma seli changa, zile ambazo bado zingeweza kuwa mfupa, zigeuke seli za mafuta. Zinaitwa obesojeni, jina walilolileta Grün na Blumberg wa California mwaka 2006 walipokuwa wanachunguza TBT, kemikali iliyokuwa inawekwa kwenye rangi za meli, wakakuta inawasha PPAR gama, yani swichi ndani ya seli inayoiamuru igeuke ya mafuta. Ushahidi mwingi bado ni wa maabara na wanyama, so usipaniki.

Pa kuanzia ni joto. Chakula cha moto, hasa chenye mafuta, kinavuta BPA na fthaleti, kemikali mbili za kutengenezea plastiki, kutoka kwenye chombo cha plastiki, kwaiyo hamishia kwenye glasi au bakuli la udongo kabla ya kuingiza kwenye maikrowevu, na uji wa moto usimimine kwenye chupa ya plastiki. Angalia namba kwenye pembetatu chini ya chombo: 3 ni PVC, plastiki inayolainishwa kwa fthaleti, 7 ni mchanganyiko na polikaboneti, inayotengenezwa kwa BPA, imo humo humo, kwaiyo hizo mbili zikwepe. Halafu lile tangazo la "haina BPA" lisikulevye, mara nyingi wameweka BPS, ndugu yake BPA, badala yake na maabarani nayo imeonekana inakuza seli za mafuta vilevile, yani wamebadilisha jina tu.

Risiti za ile karatasi laini laini mara nyingi zimepakwa BPA au BPS, usizishike ukiwa umetoka kupaka sanitaiza, ngozi inanyonya zaidi. Vumbi la ndani nalo hubeba kemikali hizi, lifute kwa kitambaa kibichi. Pafyumu na losheni zenye harufu kali, punguza.

Mjamzito na mtoto mdogo ndo wa kuwalinda kwanza, maana idadi ya seli za mafuta inajengwa utotoni na ujanani, ukishakuwa mtu mzima inabaki karibu ile ile, kila mwaka kama 10% zinakufa na kuzaliwa nyingine. Hata ukikonda seli zinasinyaa tu, idadi yake haipungui.

Uzuri wa BPA ni kwamba inatoka na mkojo ndani ya siku moja hivi, ukiacha leo kiwango kinashuka haraka. PFAS, kemikali za kuzuia maji na mafuta yasipenye, ndo king'ang'anizi, nyingine zinakaa mwilini miaka, kwaiyo karatasi za kufungia chakula zisizopitisha mafuta na nguo zisizolowa maji nazo zipunguze mapema.