Kabla hujanunua pete na kuita kamati, piga hesabu hivi

Nimekuwa mweka hazina wa kamati ya harusi mara tatu hapa Dar, mara ya nne nikakataa, nikawaambia mi nitachanga na nitakuja kula ila daftari mtafutieni mtu mwingine. Kwa hiyo watu wakiniuliza eti pete ya bei na harusi kubwa zinalipa au ni kuchoma hela, huwa nawauliza kwanza hela yenyewe ipo mkononi au ni ya kuahidiwa. Hapo ndo pa kuanzia.

Tuanze na pete. Ujue kabisa pete haifungishi ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21, hiari ya wote wawili na mashahidi, habari ya kidole kuwa na jiwe haipo. Kwetu uchumba ulikuwa barua ya posa na kishika uchumba ndani ya bahasha basi, bibi yangu kaishi na babu miaka yote hana pete na hakuna aliyesema hajaolewa. Hii ya almasi ilikuja na matangazo, mwaka 1947 De Beers, kampuni ya kuuza almasi, ndo walitungiwa yale maneno yao kwamba almasi ni ya milele wakawauzia Wamarekani, na mwaka huohuo pale Mwadui, Shinyanga, ikatoka almasi ya pinki ya karati 54.5 akapewa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, zawadi ya harusi. Yaani jiwe litoke kwetu afu sisi ndo tuambiwe bila jiwe hujapenda.

Ila sikukatazi, ukitaka kununua nunua vizuri. Nenda kwa sonara uulize dhahabu ni karati ngapi, yaani usafi wake, gramu ngapi, na gramu leo ni shilingi ngapi, pete iwekwe kwenye mzani mbele ya macho yako. Angalia mhuri kwa ndani, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9, na hio ya 375 maana yake dhahabu haifiki hata nusu. Zidisha gramu kwa bei, ongeza hela ya ufundi, kinachozidi hapo muulize ni cha nini. Akikutajia bei ya pete nzima bila kupima, aga uondoke. Afu kumbuka siku ukikwama ukairudisha kuuza kinachopimwa ni dhahabu, kile kijiwe mara nyingi hakihesabiwi kabisa, kwa hiyo hela yako ikae kwenye dhahabu. Tanzanaiti ni nzuri na ni yetu, Mirerani peke yake dunia nzima, lakini ni laini ukilinganisha na almasi, mwanamke anayefua na kusugua sufuria kila siku itachubuka mapema, mnunulie hereni au kidani. Na kama ni lazima iwe almasi, ya maabara ni almasi kweli na bei yake iko chini sana.

Kiasi je? Kipimo changu mi ni kodi ya nyumba. Kama ukishalipa pete bado unabaki na kodi ya miezi sita pembeni, nunua, kama pete inakula kodi, utamvisha leo afu mkae kwa nani? Na muulize mwenyewe jamani, wengine wanataka pete, wengine wangependelea cherehani, sio unamfanyia sapraizi hotelini na mpiga picha kajificha nyuma ya maua wakati yeye anawaza deni la ada. Risiti itunze pia, uchumba ukivunjika sheria ileile inaruhusu kwenda mahakamani kudai zawadi uliyotoa kwa sharti la kuoana.

Sasa harusi, hapa ndo penye shimo. Usianze na ukumbi, anza na idadi ya watu, maana sahani, viti, vinywaji, kadi na ukubwa wa ukumbi vyote vinafuata vichwa. Sahani ya 20,000 kwa watu 200 ni milioni nne, ukisema tuongeze hamsini tu wa upande wa mama tayari milioni nyingine, soda hujagusa.

Kwenye daftari langu ahadi naandika kwa penseli, hela iliyoingia naandika kwa peni. Mkataba wowote, ukumbi, mapambo, MC, unasainiwa kwa hesabu ya peni. Nilijifunza kwenye harusi ya pili, ahadi zilifika milioni 24, zikaingia 15, siku tatu kabla ukumbi unataka salio lake, bwana harusi akakopa kwenye simu kila programu iliyokubali. Kuna baba mdogo mmoja alisimama kikaoni akaahidi milioni, akapigiwa makofi na vigelegele, afu simu yake ikawa haipatikani mpaka siku ya harusi, kaja na kadi ya dabo na kakaa meza ya mbele.

Hata hivyo siwezi kusema harusi kubwa haina maana. Kama umechangia wenzako miaka kumi, ile ni hela yako inarudi, na hao uliowaandika kwa peni utawachangia na wewe, ni deni, daftari usitupe. Kinachoumiza ni kitchen party, send-off na harusi, kila moja na ukumbi wake na sare yake. Ongeeni mfanye send-off nyumbani chini ya turubai, ila ujumbe apeleke shangazi kwa mdomo, ukiuandika kwenye grupu la WhatsApp mama mkwe ataona umemdharau. Jumamosi ya Desemba ikimbie, Ijumaa au Jumapili ya mwezi mwingine ukumbi huohuo unaongeleka. Maua ya darini punguza hakuna anayeangalia juu. Chakula usipunguze, na mpiga picha usimpe binamu mwenye simu nzuri.

Mwisho kikao cha kuvunja kamati kifanyike, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, kilichobaki wapewe maharusi kwenye bahasha. Nasema hivi kwa sababu kamati moja niliikuta inapanga kuchoma mbuzi wa kujipongeza, na mpambaji yuko nje getini anasubiri laki nne zake.