Jinsi ya kusoma ushahidi wa mtumishi kuhusu bosi wake: karatasi za uasi wa Ireland wa 1641

Ukishaifungua karatasi usianzie juu, shuka kwanza mpaka chini kabisa uangalie pale panapowekwa sahihi. Kwa watumishi mara nyingi hutakuta jina, utakuta alama tu, msalaba mdogo au herufi moja imepindapinda, na ubavuni mwake karani ameandika kwamba hii ni alama ya fulani. Hiyo alama inakwambia kitu kikubwa, yani huyu mtu alisema, mwenzake akaandika, kwahiyo unachoenda kusoma ni maneno yaliyopita mkono wa mtu mwingine. Lishike hilo mpaka mwisho.

Karatasi zenyewe zipo Trinity College Dublin tangu 1741, mkusanyiko unaitwa 1641 Depositions, ni maelezo ya mashahidi kama 8,000 katika majalada 31, na tangu 2010 ziko intaneti kwenye 1641.tcd.ie, huhitaji kulipa, picha ya karatasi unaipata pamoja na maandishi yake yaliyochapwa upya. Hata kwenye simu zinasomeka.

Historia kwa ufupi ni hivi. Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1641 Wakatoliki wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, wakiongozwa na Sir Phelim O'Neill waliiteka ngome ya Charlemont na nyingine kadhaa, manake ardhi yao nyingi ilishachukuliwa wakapewa walowezi Waprotestanti kutoka Uingereza na Scotland, na hofu ya dini nayo ilikuwa imepanda. Walowezi wakafukuzwa, wakavuliwa nguo katikati ya baridi, wengi wakafa, pale Portadown watu karibu 100 walisukumwa mtoni wakazama. Na upande wa pili nao waliua Wairishi. Desemba serikali ya Dublin ikateua wachungaji 8 wakiongozwa na Henry Jones wakae kuandika maelezo ya wakimbizi, halafu miaka ya 1650, Cromwell, jenerali wa Bunge la Uingereza, akishashinda, wakaja watu wengine kabisa kuhoji upya.

Hapo ndo hatua ya kwanza yenyewe: jua karatasi yako imetoka kundi lipi. Ya mwaka 1642 mara nyingi ni ya mkimbizi Mprotestanti, na mtumishi akiongea humo basi anahesabu mali ya bosi wake iliyoibwa, ng'ombe wangapi, nafaka kiasi gani, nani alimdai nani. Ya miaka ya 1650 ni kitu kingine. Pale mtumishi Mkatoliki anahojiwa juu ya bwana wake Mkatoliki, kuna mahakama inasubiri, na maswali yameshapangwa kabla hajaingia chumbani. Ukizichanganya hizi mbili umeharibu kazi yote.

Tarehe nayo angalia sana. Kwa hesabu yao mwaka ulianza 25 Machi, kwahiyo karatasi iliyoandikwa Januari 1641 kwetu ni Januari 1642. Mimi mara ya kwanza sikujua, nikakuta shahidi anaeleza mambo ya uasi kwenye karatasi ya "Januari 1641", nikaandika kwenye daftari kwamba huyu ni muongo, na nikabaki na hiyo fikra wiki nzima. Maskini wa watu alikuwa anasema kweli, mimi ndo nilimkosea.

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe. Chukua kalamu mbili za rangi tofauti. Rangi moja ni ya alichokiona kwa macho, ya pili ni ya alichoambiwa. Makarani walikuwa wanatenganisha, utaona sehemu imeandikwa aliona, sehemu nyingine amesikia kwa watu wa kuaminika, ila msomaji mwenye haraka anapita tu. Mfano, huu natunga mimi: mtumishi wa zizini anasema usiku alimtandikia bosi wake farasi, akamwona akiondoka na watu wawili wenye mikuki, alfajiri farasi akarudi ametota jasho mpaka tumboni, na nyuma kuna ng'ombe sita ambao yeye hawajui. Halafu anaongeza kwamba bosi aliichoma nyumba ya jirani. Kitu gani hapo amekiona? Farasi, mikuki, jasho, ng'ombe. Moto hakuuona. Huenda bosi aliichoma kweli, lakini hiyo ni rangi ya pili, na ukiipaka rangi ya kwanza umemhukumu mtu kwa kitu ambacho shahidi mwenyewe hakusema amekishuhudia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtumishi alikilalia hicho kitanda kweli, anayajua ya jikoni na zizini kuliko jaji yeyote. Ila cha mle ndani ndo anakijua, cha barabarani anakisikia kama wengine.

Jambo hili halikuwa dogo. Phelim O'Neill mwenyewe alishtakiwa Dublin, akanyongwa 1653, na moja ya mashtaka lilikuwa kifo cha Lord Caulfeild, mkuu wa ile ngome ya Charlemont, aliyekuwa mfungwa wake na akapigwa risasi nyumbani kwa Phelim pale Kinard. Bosi aliagiza, au vijana wake walijiamulia? Swali la namna hiyo anaweza kulijibu mtu aliyekuwepo nyumbani, aliyesikia amri ikitolewa au asiyeisikia. Kwahiyo ukikuta mtu wa nyumbani anasema "bwana alisema hivi", simama hapo hapo, uliza alikuwa wapi yale maneno yakisemwa, mlangoni, mezani akihudumia, au aliyapata kesho yake kisimani.

Halafu uliza nani anafaidika. Kwa sheria ya 1652 mwenye ardhi Mkatoliki hata kama hakushika silaha, asipothibitisha kwamba muda wote alikuwa upande wa Bunge la Uingereza anapoteza theluthi ya ardhi yake, na hizo theluthi mbili zilizobaki anapewa kwingine. Mwaka 1663 ikaja mahakama ya madai, ya kusikiliza waliotaka kurudishiwa ardhi zao, na kule hata kuishi ndani ya maeneo ya waasi ukila mapato ya shamba lako ilitosha kukunyima hukumu ya kutokuwa na hatia. Kwahiyo sentensi moja ya mtumishi, kwamba bwana alilala wapi majira yale au alipeleka nafaka kwa jeshi gani, ilikuwa na uzito wa shamba zima. Kuna waliomkinga bosi, kuna waliolipiza ya zamani, na kuna waliokuwa wanaogopa kunyongwa wao. Angalia pia baada ya hapo mtu alipata nini. Owen O'Connolly, aliyekuwa mtumishi wa Sir John Clotworthy, ndiye aliyewatonya wakuu wa Dublin usiku ule ule wa 22 Oktoba, baada ya kuambiwa siri ya uasi na Hugh MacMahon, mmoja wa waliokula njama, aliyelelewa naye kama ndugu, na Bunge likampa pauni 500 na pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Aliyosema yalikuwa kweli na alilipwa, vyote viwili andika.

Lugha sasa, na hapa nakaa kidogo manake panauma. Mtumishi wa Kiirishi wengi wao waliongea Kiirishi, katikati akakaa mkalimani, karani akaandika Kiingereza cha mahakama. Neno "waasi" linajaa kila mstari, lakini sidhani kijana wa zizini aliwaita hivyo watu waliokunywa maziwa nyumbani kwao. Nimewahi kuandikiwa maelezo mimi, nilisema jamaa alinisukuma, niliposomewa nikasikia "alinishambulia", nikasaini kwa sababu nilikuwa nimechoka na nataka kwenda nyumbani. Tangu siku hiyo nikiona neno zito kwenye mdomo wa mtu mnyonge nalizungushia duara. Mistari iliyokatwa kwa wino usiiruke pia, mingi ilikatwa na karani alipokuwa anaandaa nakala ya kuchapisha, na chini ya mkato bado inasomeka, mara nyingi ni zile habari ndogo za nyumbani unazozitafuta wewe.

Mwisho tafuta mtu wa pili wa nyumba ile ile, mpishi, mke wa bosi, jirani. Tafuta jina kwa kila tahajia, O'Neill utaikuta O Neile, Neill, Neale, na soma kwa sauti, sikio litaitambua kabla ya jicho. Wakipishana kwenye moto lakini wakakubaliana kwenye ng'ombe, anza na ng'ombe.

Ukikaa kuandika sasa, jina la mtumishi liweke kwenye sentensi yenyewe, mstari wa kwanza, na umri wake na kazi yake kama vimetajwa. Bosi wake ameshaandikwa sana.