Blogu yako ya Kiswahili: inakupa nini, na uianze vipi

Fundi sola anaulizwa kila wiki kwa nini betri inakufa mapema. Mshonaji anaulizwa suti inachukua mita ngapi. Mfugaji wa kuku anaulizwa chanjo inatolewa lini. Jibu huandikwa kwenye kundi la WhatsApp, tena jibu zuri la aya nne, na kufika jioni limeshazama chini ya salamu na picha za harusi. Likiwekwa kwenye status linafutika baada ya saa 24. Blogu inalipatia jibu hilo anwani yake ya kudumu. Unaliandika mara moja, na anayeuliza kesho unamtumia linki.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote. Ndesanjo Macha na wenzake walipokuwa wakiblogu kwa Kiswahili miaka ya 2000 waliziita blogu "magazeti tando", na jina lilibeba maana: kila mtu mhariri wa gazeti lake. Kurasa za mitandao ya kijamii hazikupi uhariri huo. Google+ ilipofungwa Aprili 2019, maandishi ya watu waliokuwa hawajayapakua yalikwenda nayo. Blogu nayo inakaa kwenye jukwaa la kampuni fulani, lakini unaweza kuipakua yote na kuihamishia kwingine. Tutalirudia hili chini, kwa sababu wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa.

Faida ya pili ni ya lugha yenyewe. Tafuta kwa Kiswahili namna ya kurekebisha cherehani inayoruka mishono, uone unapata nini: majibu machache, na mengi yao yamenakiliwa kutoka sehemu moja. Anayeandika jibu kamili kwenye uwanja kama huo anaonekana upesi. Mteja akishasoma makala zako mbili tatu, anakupigia simu akiwa tayari anakuamini.

Kuhusu pesa za matangazo, anza bila kuzitegemea. AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye blogu, hailipi mpaka ufikishe dola 100, na blogu changa huchukua muda mrefu kufika hapo. Ukifikisha dola 10, Google hutuma barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani yako. Wengi hukwama hapa: wameandika jina la mtaa bila sanduku la posta, na barua haifiki. Andika S.L.P. unayoweza kweli kuifungua, hata kama ni ya ofisi au ya shule, kwa ruhusa ya wenyewe.

Kabla ya kufungua chochote

Chukua daftari uandike maswali 20 uliyowahi kuulizwa kuhusu kazi yako. Yaandike kwa maneno ya muulizaji, si kwa maneno ya kitaalamu. Yakifika 20 bila kuhangaika, una blogu. Yakiishia saba, mada ni nyembamba mno au bado hujaijua vya kutosha. Panua kidogo au subiri. Zoezi hili linazuia ugonjwa unaoua blogu nyingi, yaani makala tatu za moto wiki ya kwanza, kisha kimya cha mwaka mzima. Makala moja kwa wiki inatosha, na maswali 20 yanakupa karibu miezi mitano.

Jukwaa na anwani

Kwa anayeanza tunapendekeza Blogger, jukwaa la blogu la Google. Ni bure, haidai ada ya mwaka, na inafunguka kwenye kivinjari cha simu. WordPress ina uwezo mkubwa zaidi, ila kuna WordPress.com, wanaokuhifadhia wao, na kuna programu ya WordPress ambayo unaipata bure lakini unalipia seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kuiweka. Ukichelewa kulipa, blogu inazimika. Usiingie huko mpaka uwe na sababu.

Jina la blogu lipime kwa simu: mtamkie mtu mara moja, kisha aliandike. Akikosea herufi, badilisha. Epuka tarakimu na vistari. Baadaye ukitaka anwani yako kamili, kwa mfano inayoishia na .co.tz au .co.ke, hakikisha usajili unafanywa kwa jina lako na barua pepe yako. Fundi wa kompyuta akisajili kwa jina lake, siku mkigombana au akihama mji, anwani inabaki kwake. Kuiunganisha na Blogger kunahitaji rekodi mbili za CNAME, yaani maelekezo unayoyaweka kwenye mipangilio ya anwani kule ulikoisajili. Moja inaelekeza www kwenda ghs.google.com, ya pili Blogger wanakupa wewe peke yako, kwa hiyo usinakili ya mwenzio. Ukiziweka na bado inagoma, ngoja hadi siku nzima kabla ya kuanza kubadilisha mambo, maana mabadiliko haya husambaa polepole.

Makala moja, swali moja

Hapa ndipo kazi ilipo. Tuchukue mfano wa mfugaji anayeandika kuhusu kideri, ugonjwa unaoua kuku. Kichwa cha kwanza kinachomjia ni "Umuhimu wa chanjo katika ufugaji wa kisasa". Kinasikika vizuri kwenye semina, lakini hakuna mtu mwenye kuku aliyewahi kukitafuta. Kichwa kinachofanya kazi ni hiki: "Chanjo ya kideri: tone moja jichoni, kila miezi 3". Aliyekisoma bila hata kufungua ameshapata kitu, na atafungua ili apate kingine.

Aya ya kwanza itoe jibu lote kwa ufupi: chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, irudiwe baada ya miezi mitatu, wapewe kuku wasio wagonjwa tu. Usianze na historia ya ufugaji Afrika Mashariki. Baada ya jibu, eleza kinachoharibika na sababu yake. Chanjo haimwokoi kuku aliyekwisha kuambukizwa, ndiyo maana wengine huchanja ugonjwa ukiwa umeshaingia bandani, kuku wakafa, kisha wakailaumu dawa. Anayechanja kwa maji ya kunywa akitumia maji ya bomba yenye klorini anaiua chanjo kabla haijamfikia kuku. Aya mbili kama hizo zina thamani kuliko kurasa tano za "umuhimu".

Tena ugonjwa huo huo wengine wanauita mdondo. Tumia majina yote mawili ndani ya makala, kwa kuwa kila mtu huandika kwenye Google jina la kwao. Urefu usikusumbue: maneno 500 yanayomaliza swali yanatosha. Makala ikianza kujibu maswali mawili, ikate iwe mbili na uziunganishe kwa linki.

Jambo moja dogo linalosahaulika: Blogger hutengeneza anwani ya makala kutokana na kichwa, na huikata kikiwa kirefu. Kabla ya kuchapisha, fungua sehemu ya anwani kwenye mipangilio ya makala, uandike yako fupi, kama chanjo-ya-kideri. Ukishachapisha hutaweza kuibadilisha bila kuirudisha makala kwenye rasimu, na linki zilizokwisha kusambaa zitavunjika.

Picha na bando la msomaji

Picha ya simu ya kawaida ina MB 3 hadi 5. Ukiweka sita kama zilivyo, unaweza kumfanya msomaji alipie hadi MB 30 kuona chupa ya chanjo. Zipunguze zifike upana wa pikseli 1200 na chini ya KB 200 kila moja. Programu za bure za kupunguza picha zipo tele. Piga picha zako mwenyewe. Picha ya kuokota mtandaoni ina mwenyewe, na msomaji mzoefu huitambua.

Ionekane, na isipotee

Sajili blogu kwenye Search Console ya Google na uweke ramani ya tovuti (orodha ya kurasa zako), ambayo kwa Blogger ni anwani yako ikifuatiwa na /sitemap.xml. Wiki za mwanzo huenda usione kitu. Baadaye itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika wakakufikia, na hapo utapata maswali mapya ya daftari.

Tanzania ilianza mwaka 2018 kuwa na kanuni za maudhui mtandaoni zilizowataka wanablogu wawe na leseni, na zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Kabla ya kuchapisha, hasa habari na matukio, waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kundi lako linahitaji nini sasa. Usitegemee ulichosikia miaka iliyopita. Picha ya mteja au ya mgonjwa usiiweke bila idhini yake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake 2022.

Ulinzi wa akaunti ufanye siku ile ile ya kwanza. Washa uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri, kisha kwa mfano namba inayotumwa kwenye simu), kisha chapa kwenye karatasi zile namba 10 za akiba ambazo Google inakupa. Laini ya simu isiyotumika hupewa mtu mwingine, na waliotegemea laini peke yake wamejikuta nje ya blogu zao. Ingia kwenye akaunti mara kwa mara, kwani Google inaweza kufuta akaunti iliyokaa miaka miwili bila kutumika.

Kila mwisho wa mwezi pakua nakala ya blogu kutoka kwenye mipangilio. Faili hiyo ina maandishi na maoni, lakini picha hazimo. Picha zihifadhi kwenye folda yake, kila moja ikiwa na jina la makala yake, mahali tofauti na simu unayotembea nayo.