Kuandaa mkutano wa kimataifa wa watafiti wa umeme: maelezo ya katibu

Nafundisha mifumo ya umeme chuoni, na mara tatu nimekuwa katibu wa mkutano wa kimataifa wa utafiti wa nishati na umeme, zote Arusha. Kila baada ya miezi michache mwalimu mwenzangu wa Mbeya, Kigali au Eldoret hunipigia simu: "Dada, tunaanzia wapi?" Wengi wao huwa wameshaulizia bei ya ukumbi. Ukumbi si mwanzo. Anza na makala: nani ataandika, nani atahakiki, zitachapishwa wapi. Makala zisipohakikiwa kwa dhati, anayedhulumiwa ni mwanafunzi aliyekopa nauli ili kazi yake isikilizwe na wajuzi.

Miezi kumi na minane kabla

Chagua mada nyembamba. Ukitangaza "nishati kwa maendeleo endelevu" utaletewa kila kitu, kuanzia majiko ya mkaa hadi sheria za mafuta, na wahakiki wako hawatatosha. Mara ya tatu tulichagua kuunganisha gridi za Afrika Mashariki. Mada hiyo ilikuwa mlangoni kwetu: njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Singida, kupitia Babati na Arusha hadi Namanga na Isinya nchini Kenya, takriban kilomita 510. Mtu wa relei za ulinzi, vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe, ana la kusema hapo, na mtu wa udhibiti wa frikwensi pia, na mchumi anayefuatilia biashara ya umeme kati ya nchi za Muungano wa Umeme wa Afrika Mashariki ulioanzishwa mwaka 2005 na kuweka makao makuu Addis Ababa. Watu wa fani tofauti wakawa wanaulizana maswali juu ya waya uleule.

Kabla ya kutangaza tarehe, angalia mikutano mingine. AFRICON, mkutano wa IEEE (chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki), hufanyika miaka isiyogawanyika kwa mbili. Wa 2021 ulipangiwa Arusha na wa 2023 ulikuwa Nairobi. PowerAfrica, mkutano mwingine wa IEEE, wa nishati, huhama nchi hadi nchi. Ukigongana na mmojawapo, umewapoteza waandishi na wahakiki kwa pamoja. Angalia pia Ramadhani, ambayo husogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na masika ya Machi hadi Mei. Julai hadi Septemba Arusha hujaa watalii, na chumba cha hoteli anachoweza kumudu mwanafunzi huwa adimu.

Kama unataka jina la IEEE kwenye mkutano wako, peleka maombi zaidi ya mwaka mmoja kabla. Fahamu unachoomba: kuna ushirika wa kifedha, ambapo wao wanabeba sehemu ya hasara au faida, na kuna ushirika wa kitaaluma tu, ambapo fedha zote ni jukumu lako. Na hata ukikubaliwa, makala haziingii moja kwa moja kwenye maktaba yao ya Xplore. Ubora hukaguliwa kwanza. Kwa hiyo usiandike kwenye mwito wa makala kwamba "zote zitaingia Scopus." Uamuzi wa nini kiingie kwenye hifadhidata hiyo ya kimataifa ya makala si wako, na mtu atalipa ada kwa kuiamini sentensi hiyo.

Uhakiki ndio mkutano wenyewe

Hapa nitakaa kidogo. Piga hesabu mapema. Ukitarajia makala 140, na kila moja isomwe na wahakiki watatu, hiyo ni kazi 420. Mhakiki mmoja usimpe zaidi ya nne. Unahitaji watu 105 wanaofanya kazi kweli, na kwa uzoefu wangu theluthi moja ya unaowaalika hawajibu au hukubali kisha wakanyamaza. Alika 160. Waandikie mmoja mmoja, ukitaja ni kazi yao ipi uliyoisoma. Barua ya jumla hutupwa.

Mifumo kama EasyChair au Microsoft CMT itakusaidia kugawa makala, lakini haitajua kwamba mhakiki fulani ndiye aliyemsimamia mwandishi shahada ya uzamili. Kazi hiyo ni ya macho yako. Pitisha kila makala kwenye programu ya kukagua unakili kabla haijaenda kwa mhakiki, wala usitegemee asilimia peke yake: fungua uone kilichonakiliwa ni maelezo ya mbinu au ni matokeo.

Mara ya pili tulipokea makala kutoka Bukavu, mashariki ya Kongo, juu ya kushuka kwa volteji kwenye njia zinazotoka mitambo ya mto Ruzizi. Mhakiki wa kwanza aliandika sentensi moja: Kiingereza kibovu, ikataliwe. Niliisoma mwenyewe usiku. Lugha ilikuwa imeyumba kweli, lakini kijana alikuwa amepima kwa mkono, wiki kwa wiki, mahali ambapo hakuna mwingine aliyepima. Nikamtafuta mhakiki anayejua mitambo midogo ya maji. Aliandika kurasa mbili za marekebisho. Kijana akaandika upya, akaja kwa basi kupitia Kigali na Rusumo, na kikao chake kilikuwa na maswali mengi kuliko vyote siku ile.

Tangu hapo tuna kanuni mbili: makala haikataliwi kwa sababu ya lugha peke yake, na uhakiki wa chini ya mistari mitano unarudishwa kwa aliyeuandika. Ziweke kwenye barua ya mwaliko wa wahakiki ili asiwepo wa kushangaa.

Fedha

Tenganisha gharama zisizobadilika na gharama za kila kichwa. Chukua mfano huu. Ukumbi, vyombo, mtandao, tiketi za wazungumzaji wakuu na uchapishaji vikiwa shilingi milioni 48, na chai, chakula na mkoba wa mshiriki mmoja kwa siku tatu vikiwa 240,000, na wastani wa ada ukiwa 640,000, basi kila mshiriki anakuachia 400,000. Unahitaji 120 waliolipa ili usidaiwe. Wageni wa heshima wanaoingia bure hawamo kwenye 120 hiyo. Fedha za wadhamini usizihesabu hadi zionekane kwenye akaunti. Ahadi ya mdomo uiandike kwa penseli.

Ada ya mwanafunzi iwe chini ya nusu ya ada ya kawaida, na iwepo ada ya pekee kwa watafiti wa ukanda huu. Nimewahi kuona makala bora kuhusu gridi zetu zikiwasilishwa na wageni, huku aliyekusanya takwimu akibaki nyumbani kwa kukosa ada. Inaniuma hadi leo.

Malipo kutoka nje yajaribu mapema. Benki za njiani hukata chao, na mshiriki aliyetuma dola 350 anaonekana kalipa pungufu. Mara ya kwanza tuliwasimamisha watu mezani mapokezi kwa upungufu wa dola ishirini na kitu, jambo la aibu. Amueni kabla ni nani anabeba makato hayo. Kama chuo chako ni cha umma, malipo yatapita kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, na benki ya mgeni huenda isijue pa kuijaza. Mwombe rafiki aliye nje alipe wa kwanza, kisha uandike maelekezo kwa kufuata hatua alizopitia yeye.

Barua za viza zitoke siku makala inapokubaliwa, zikiwa na jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Wapo washiriki ambao maombi yao hupelekwa makao makuu kwa idhini kabla ya viza, na hao wiki mbili haziwatoshi.

Ukumbi na umeme wake

Sisi tulitumia AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, majengo yaliyokuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na ambako mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa kwa miaka ishirini kuanzia 1995. Usivutwe na ukumbi mkubwa. Watu 130 kwenye ukumbi wa elfu moja hawaulizani maswali. Chukua chumba kimoja cha wote na vitatu vidogo vya vikao sambamba, vilivyo karibu kiasi cha kutembea dakika mbili.

Usiridhike kuonyeshwa jenereta. Omba, siku moja kabla, swichi kuu izimwe huku projekta, vipaza sauti na mtandao vyote vikifanya kazi. Tulipofanya hivyo jenereta iliwaka upesi, lakini ruta ilichukua dakika sita kurudi hewani, na wawasilishaji wa mbali wangekuwa wamepotea. Tukanunua UPS ndogo, yaani betri za kushikilia umeme unapokatika, kwa ajili ya ruta na kompyuta ya kila chumba.

Kila wasilisho lipewe dakika 15, na maswali dakika 5. Slaidi ziingizwe kwenye kompyuta ya chumba kabla ya kikao kuanza. Za mchana zikusanywe kwenye chai ya saa nne. Mwasilishaji asipotokea, acha nafasi yake wazi au endeleza maswali ya aliyetangulia. Usimsogeze anayefuata, maana kuna mtu anatoka chumba kingine kuja kumsikiliza saa ile ile iliyoandikwa. Mwenyekiti wa kikao asaini nani kawasilisha na nani hakuwepo, kwa sababu IEEE ina haki ya kuiondoa makala ambayo haikuwasilishwa.

Siku ya mwisho wapeleke wageni kwenye mitambo. Kutoka Arusha kuna kituo cha kupoza umeme cha Lemugur, na bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye mto Pangani, lenye mtambo wa megawati 8. Barua ya kuomba ruhusa TANESCO iende miezi miwili kabla, ikiwa na majina na namba za pasipoti. Waambie watu wavae viatu vilivyofunikwa, na uulize mapema kama picha zinaruhusiwa.

Baada ya wageni kuondoka

Wiki ya kwanza usipumzike. Tuma vyeti, fomu za hakimiliki na faili za makala zilizowasilishwa, kisha waandikie wahakiki wote barua yenye jina na idadi ya makala walizosoma; wanaihitaji kupandishwa vyeo kazini. Halafu keti na mhasibu mfunge hesabu kabla risiti hazijafifia.

Orodha ya wahakiki, ikionyesha nani alijibu kwa wakati, na jedwali la kila shilingi iliyotumika, mkabidhi katibu anayefuata mkono kwa mkono. Mimi mara ya kwanza nilipokea funguo za ofisi tu, nikatumia miezi miwili kutafuta majina ambayo mtangulizi wangu alikuwa nayo yote kwenye kompyuta yake.