Somo: Kuzunguka London siku nzima bila kununua tiketi ya siku

Nauli ya London haina makanga wa kubembeleza. Ndiyo maana nimeiandika yote mahali pamoja, kwa ajili ya watu wetu wa Kisumu wanaoenda kuanza kazi hospitalini huko, wanafunzi, na kina mama wanaoitwa kwenda kumwona mjukuu. Swali ninaloulizwa na karibu kila mmoja ni hili: tiketi ya siku nzima inanunuliwa wapi? Ipo, na inauzwa. Ila wengi wenu hamuihitaji.

Tiketi hiyo inaitwa Travelcard. London imegawanywa kwa nauli katika maeneo yanayoitwa zoni, ya 1 ikiwa katikati ya mji. Travelcard ndogo kabisa ya siku moja inaanzia zoni ya 1 hadi ya 4, na kwa bei zilizoanza Machi 2025 ilikuwa pauni 16.60. Sasa, ukilipa kwa kadi ya kugusisha, mtambo wenyewe unajumlisha safari zako za siku, na zikifika kiwango fulani unaacha kukukata. Huo ndio ukomo wa siku. Kwa bei hizo hizo za 2025, anayezunguka zoni ya 1 na ya 2 alikuwa hakatwi zaidi ya pauni 8.90. Hata akifika zoni ya 4 ilikuwa 12.80. Wageni wengi hawatoki zoni ya 1 na ya 2, maana majumba ya makumbusho, mto Thames na ikulu viko hapo. Mwenye Travelcard amelipa asubuhi, kwa bei ya juu, safari ambazo pengine hatazifanya.

Bei hupitiwa kila mwaka, mara nyingi mwezi wa Machi. Tazama tovuti ya TfL, shirika la usafiri la London, wiki unayosafiri. Usitegemee aliyeenda mwaka juzi, hata mimi.

Hatua ya 1: Ukiwa bado Kisumu

Toa kadi yako ya benki uitazame. Ina alama ya mawimbi, vile vistari vinne vilivyopinda kama sauti inayotoka kwenye spika? Kama ni Visa au Mastercard na ina alama hiyo, unayo tiketi tayari. Pitia benki uwaambie unasafiri, ili wasiifunge wakiona inatumika ugenini, na uulize ada yao ya kubadilisha fedha. M-Pesa haitakusaidia getini. Hata ile kadi yake ya mtandaoni ni namba tu, haina plastiki ya kugusisha.

Kila msafiri awe na kadi yake. Asiye nayo atanunua Oyster, kadi ya TfL yenyewe, ambayo unaiwekea pesa kwenye mashine stesheni. Kadi tupu nayo inauzwa, na siku hizi hiyo pesa ya kadi hairudi. Lakini ukomo wa siku unafanya kazi kwenye Oyster vilevile.

Hatua ya 2: Kutoka Heathrow

Ndege ya Kenya Airways inashukia Terminal 4. Hapo chini kuna treni za njia mbili, Piccadilly na Elizabeth, na hapa ndipo watu hutupa pesa nyingi kuliko siku nzima ya kuzunguka mjini. Piccadilly ni ya polepole, imejaa masanduku, na inakufikisha katikati ya mji kwa chini ya nusu ya nauli ya Elizabeth. Elizabeth ina nafasi na ina kasi. Ya tatu, Heathrow Express, haifiki Terminal 4, unaipandia Terminal 2 na 3; ndiyo ghali kuliko zote, inaishia stesheni ya Paddington, na haiingii kabisa kwenye ukomo wa siku. Getini inakubali kadi ileile, hapo ndipo mtego ulipo: unagusisha ukidhani zote ni moja. Kama hujachelewa mahali, panda Piccadilly.

Hatua ya 3: Kugusisha

Hii ndiyo hatua ya kusoma mara mbili.

Kwenye treni za chini ya ardhi unagusisha kuingia na unagusisha kutoka. Mashine ni duara la njano. Weka kadi bapa juu yake, subiri mlio na taa ya kijani, geti lifunguke. Toa kadi kwenye pochi kwanza. Ukiweka pochi nzima yenye kadi tatu, mashine huenda ikasoma usiyoikusudia, na jioni ikasoma nyingine. Hapo mtambo unaona watu wawili: mmoja aliyeingia asitoke, na mwingine aliyetoka bila kuingia. Wote wawili wanakatwa nauli ya juu kabisa, na ukomo wa siku unavurugika.

Kwa sababu hiyohiyo, ukianza siku na kadi, imalize na kadi. Simu yenye kadi hiyohiyo ndani yake inahesabiwa kuwa kitu kingine, hata kama pesa inatoka akaunti moja.

Kuna stesheni zisizo na geti, hasa za DLR, ile treni ndogo inayopita mashariki mwa mji. Duara la njano limesimama kwenye nguzo, watu wanapita, hakuna anayekuzuia. Gusisha hivyo hivyo. Wakaguzi hupanda humo ndani, na faini ya kusafiri bila kulipa imekuwa pauni 100 tangu Machi 2024, ikipungua hadi nusu ukilipa ndani ya siku 21.

Ukibadilisha treni na kukuta mashine ya rangi ya waridi, gusisha hapo pia. Inamwambia mtambo kwamba umezunguka pembeni bila kupita zoni ya 1, na nauli inashuka.

Hatua ya 4: Basi

Mabasi mekundu hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Unapandia mlango wa mbele, unagusisha mara moja, unakaa. Kushuka hugusishi. Dereva yuko nyuma ya kioo, hana chenji wala hana haja na noti yako, kwa hiyo usimwonyeshe.

Nauli ilipanda Machi 2023 hadi pauni 1.75, na ukomo wa siku kwa mabasi peke yake ukawa 5.25, yaani nauli tatu. Basi la nne ni bure. Isitoshe, ukishagusisha la kwanza una saa nzima ya kubadilisha mabasi kadiri utakavyo bila kukatwa tena. Na nauli ni ileile ukienda vituo viwili au ukienda mwisho wa njia. Sisi tumezoea kwamba mvua ikinyesha Kondele nauli inapanda hapo hapo ukiwa umesimama mlangoni. Huko mvua ni ya kila siku na haina bei.

Mwenye muda na asiye na haraka anaweza kuiona London yote kwa basi, orofa ya juu, kiti cha mbele. Mimi ningemshauri mzazi mzee afanye hivyo badala ya ngazi za chini ya ardhi.

Hatua ya 5: Kuangalia ulichokatwa

Mara ya kwanza unaweza kuona benki imetuma ujumbe wa peni 10 tu. Hiyo ni kupima kama kadi iko hai. Hesabu kamili huja baadaye, safari zote za siku zikiwa zimejumlishwa kuwa kiasi kimoja chenye jina la TFL. Ukisajili kadi kwenye tovuti yao utaona kila safari na saa yake.

Na Travelcard basi ni ya nani? Zaidi ni ya anayelala nje ya London na kuja mjini kwa treni kwa siku moja. Huyo aulize kwenye stesheni yake tiketi inayounganisha treni na Travelcard, alinganishe bei.

Maswali ya wanachama

Nesi wa Russia (hospitali ya Jaramogi, Kisumu): Nitakuwa na shifti za usiku. Siku yao inaanza saa ngapi? Nikiingia jioni na kutoka asubuhi ni siku moja?

*Jibu:* Siku ya nauli inaanza saa kumi na nusu alfajiri na kuishia muda huohuo kesho yake. Kwa hiyo safari ya jioni ni ya siku moja, na ya kurudi asubuhi inaingia siku mpya. Kwako wewe, dada, ukomo wa siku hautakusaidia sana. Angalia ukomo wa wiki, unaohesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, nao unajipanga wenyewe bila kuuomba.

Mama wa Kondele: Naenda na wajukuu wawili, mmoja miaka 7 na mwingine 12. Niwakatie tiketi?

*Jibu:* Shikamoo mama. Wa miaka 7 hulipi. Walio chini ya miaka 11 wanapanda basi bure, na kwenye treni za chini ya ardhi mtu mzima aliyelipa anaweza kuingia na watoto hadi wanne wa umri huo. Mpitishe kwenye geti pana pamoja nawe. Wa miaka 12 mnunulie Oyster, kisha kabla hajaitumia mwombe mfanyakazi wa stesheni aiwekee punguzo la mgeni mdogo. Atalipa nusu nauli hadi siku 14. Usimpe kadi ya benki, atakatwa kama mtu mzima.

Kijana wa Nyalenda: Naweza kugusisha mara mbili nimlipie mwenzangu?

*Jibu:* Hapana. Kadi moja, mtu mmoja.

Mwalimu, Maseno: Nimesoma kwamba kuna saa nauli inapanda. Ni zipi, na zinagusa basi?

*Jibu:* Mwalimu, ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, na saa kumi hadi saa moja jioni. Sikukuu zao za kitaifa hazimo. Basi haliguswi. Tena safari ya Piccadilly kati ya Heathrow na zoni ya 1 inatozwa bei ya juu saa zote, kwa hiyo usikae uwanjani na mizigo ukisubiri saa ipite.

Baba wa Mamboleo: Kijana wangu alisahau kugusisha wakati wa kutoka, wamemkata pesa nyingi. Zimekwenda?

*Jibu:* Si lazima, mzee. Aingie kwenye akaunti yake ya TfL, atafute safari iliyoandikwa haijakamilika, ajaze alikoshukia na kuomba arudishiwe. Mara nyingine mtambo humrekebishia wenyewe, lakini asingoje huo.

Mama wa Kondele: Na Oyster ya mjukuu, pesa zikibaki tukisharudi?

*Jibu:* Salio haliishi muda, mama. Iweke na pasipoti zenu. Ila lile punguzo la nusu nauli litakuwa limekwisha, kwa hiyo akienda tena akiwa bado hajafika 16, aombe liwekwe upya kabla ya kugusisha mara ya kwanza.