Jinsi ya Kuandaa Sherehe ya Kuwatunuku Viongozi wa Jamii ili Kuchangia Matunzo ya Wazee Lubumbashi

Katika komini (manispaa) za Lubumbashi, Kongo, kama Kenya (si nchi ya Kenya), Katuba, Kamalondo na Ruashi, wako wazee wengi waliomaliza nguvu zao kwenye mitambo ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, au kwenye reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, na ambao leo wanaishi kwa kutegemea watoto wasio na kazi ya kudumu. Mpango wa kuondoka kazini kwa hiari wa mwaka 2003 na 2004 peke yake uliwatoa Gécamines wafanyakazi zaidi ya 10,000, na mtu aliyekuwa na umri wa miaka hamsini wakati ule sasa amevuka sabini. Akina mama waliouza sokoni maisha yao yote wana hali ngumu zaidi, kwa maana pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hutokana na michango ya kazi ya mshahara, nao hawakuwahi kuwa na mwajiri wa kuwachangia.

Kikundi cha parokia, cha msikiti au cha mtaa kinachotaka kuwasaidia wazee hao kinaweza kutumia njia ambayo mashirika ya hisani ya Marekani yameizoea: kuwatunuku hadharani watu wachache walioitumikia jamii, kuuza kadi za mwaliko kwa watu wanaowathamini, na kuiweka faida katika mfuko wa wazee. Hapa kwetu, ambako jirani huchangia matanga na harusi bila kusukumwa, njia hiyo inaweza kushika mizizi, lakini kwa sharti moja ambalo ninaliweka mbele ya mengine yote: anayetunukiwa asiombwe fedha. Fedha zitoke kwa wale aliowatendea mema, yaani wanafunzi wake wa zamani, wagonjwa aliowahudumia, wenzake wa kazi na wanachama wa likelemba (mchango wa kupokezana) aliyoisimamia. Heshima ikianza kuuzwa kwa mwenye mfuko mzito, mwaka wa pili hakuna atakayeitaka wala atakayeichangia.

Kumchagua wa kutunukiwa

Kazi hii ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote, nami ningeipa kamati mwezi mzima. Kamati iwe na watu watano hadi saba, miongoni mwao wazee wawili angalau, kwa sababu wao ndio wanaojua ni nani aliyewahi kubisha hodi mlangoni kwao siku ya shida. Vigezo viandikwe kabla ya jina lolote kutajwa. Mtu awe ameitumikia jamii kwa miaka mingi. Huduma yake iwe inathibitishwa na watu wasio wa ukoo wake. Na pasiwe na malalamiko mazito ambayo yangelazimisha ukumbi mzima kunong'ona siku ya sherehe.

Watunukiwa wawili au watatu wanatosha, na ni vyema watoke katika mazingira tofauti, kwa kuwa kila mmoja huja na watu wake. Muuguzi aliyestaafu atawaleta wauguzi na familia alizozihudumia. Mama kiongozi wa wauzaji wa soko la Kenya atawaleta wafanyabiashara. Mwalimu mkongwe atawaleta wanafunzi waliotawanyika hadi Kolwezi na Likasi, na hata Ulaya. Mkitaka kumtunuku mkuu wa mtaa au kiongozi mwingine aliye madarakani, pimeni kwanza iwapo watu watanunua kadi kwa shukrani au kwa woga. Wagombea wa uchaguzi waachwe hadi uchaguzi upite, hata kama wanastahili, kwa kuwa hakuna maelezo yatakayowashawishi wakazi kwamba sherehe haikuwa kampeni.

Jina likishakubaliwa, wajumbe wawili wenye umri wa heshima waende nyumbani kwa mhusika na barua mkononi. Barua imweleze kwa nini amechaguliwa, fedha zitafanya kazi gani, na kwamba yeye hatarajiwi kulipa chochote. Anachoombwa ni ridhaa yake, picha moja, na orodha ya watu ambao angefurahi kuwaona siku hiyo. Orodha hiyo ndiyo chanzo kikuu cha wanunuzi wa kadi, kwa hiyo iombwe mapema na kutunzwa vizuri.

Tarehe, ruhusa na hesabu

Siku ya Kimataifa ya Wazee, iliyoamuliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1990, huangukia tarehe 1 Oktoba, na kwa Lubumbashi wakati huo unafaa: mvua kubwa kwa kawaida huwa bado hazijaanza, na sherehe inaweza kufanyika uwanjani kwa parokia au shule bila kukodi ukumbi wa gharama. Kikwazo ni kwamba familia zinakuwa zimetoka kulipa ada za shule mwezi wa Septemba. Kwa sababu hiyo kadi zianze kuuzwa Julai, kwa malipo ya awamu, ili mtu asilazimike kulipa zote kwa mara moja.

Kikundi kisicho na usajili kisikusanye fedha za watu kwa jina lake chenyewe. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia mashirika yasiyo ya faida nchini. Msipokuwa na hati ya usajili, fanyeni kazi chini ya mwavuli wa parokia au shirika lililosajiliwa, na mpelekeeni mkuu wa komini taarifa ya maandishi kabla ya kutangaza tarehe. Michango ya simu, iwe ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, isipokelewe kwenye namba ya mtu binafsi isiyosimamiwa na wengine. Kila jioni mweka hazina aandike daftarini, na mjumbe wa pili atie saini.

Sasa hesabu yenyewe. Tuchukue mfano: wageni 120 wanaolipa dola 15 kila mmoja wanaleta dola 1,800. Chakula, viti, vipaza sauti na mafuta ya jenereta vikigharimu dola 8 kwa kila mgeni, zinaondoka dola 960, na wazee wanabaki na dola 840 tu. Mfano huo unaonyesha mahali pa kubana: bendi ya kukodiwa inaweza kuimaliza faida yote, ilhali korali ya mtaa huimba kwa moyo na hulipwa kwa sahani ya bukari (ugali) na samaki. Unaonyesha pia kwamba kadi peke yake hazitoshi. Tengenezeni kijitabu cha pongezi ambamo maduka, maduka ya dawa na familia hulipia ukurasa au nusu ukurasa wa salamu kwa watunukiwa. Gharama yake ni uchapishaji tu, na wanafunzi walio mbali ambao hawawezi kuhudhuria wanapata njia ya kutoa shukrani zao.

Siku yenyewe

Wazee watakaonufaika wakaribishwe kama wageni wa heshima, wakae mbele, na wapewe chakula kwanza. Asisimamishwe mzee yeyote kuonyesha ugonjwa au umaskini wake ili watu watoe machozi na fedha. Picha zake zisisambazwe bila idhini yake. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa katika miji yetu wako wazee, hasa wajane, ambao hushutumiwa uchawi ndani ya familia zao wenyewe, na namna wanavyozungumziwa mbele ya watu ina uwezo wa kuwalinda au kuwaumiza.

Kila mtunukiwa atambulishwe na mtu mmoja aliyeguswa na huduma yake, kwa dakika tano zisizozidi. Zawadi iwe hati iliyoandikwa vizuri na kipande cha kitenge. Baada ya hapo tu ndipo matumizi ya fedha yaelezwe kwa vitu vinavyoeleweka: dawa za presha na kisukari za miezi kadhaa, miwani, magodoro, makaa, na posho ya mama anayepita nyumba kwa nyumba kuwaogesha na kuwapikia wasiojiweza. Ahadi zipokelewe kwa karatasi ndogo zenye jina, kiasi na tarehe ya kulipa, wala zisisomwe kwa sauti, ili mwenye kidogo asifedheheke mbele ya mwenye kingi.

Ahadi zifuatiliwe ndani ya wiki mbili, wakati furaha haijapoa. Kabla ya mwezi kuisha, ripoti ya mapato, gharama na manunuzi isomwe kanisani au msikitini, ibandikwe mahali ambapo kila mkazi anaweza kuiona, na nakala itumwe kwa kila aliyelipia ukurasa wa pongezi. Watunukiwa waalikwe kwenye ugawaji wa kwanza wa dawa na magodoro, na wale watakaokubali waombwe kukaa katika kamati itakayowachagua watunukiwa wa mwaka unaofuata.